Mtoto mchanga na "uchafu": banda la ng'ombe si choo

Wandugu, mjadala huu ulianzishwa na dada wa hapa Moshi aliyejifungua majuzi. Mama mkwe anataka mtoto apelekwe Marangu, huko mlimani Kilimanjaro, akakae kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, "azoee udongo, apate kinga." Dada mwenyewe anapiga deki mara tatu kwa siku kwa dawa ya kuua vijidudu, na hambebi mtu mtoto bila kupaka sanitaiza. Wengi mmeshachagua upande. Mimi naona pande zote mbili mnataja "uchafu" kana kwamba ni kitu kimoja.

Bibi ana hoja nzito kuliko mnavyomdhania. Mwaka 1989 mtafiti David Strachan alichunguza taarifa za Waingereza 17,414 waliozaliwa mwaka 1958, akakuta kwamba waliokuwa na kaka na dada wengi waliowatangulia hawakusumbuliwa sana na mafua ya aleji. Hapo ndipo wazo la kwamba usafi uliozidi unadhoofisha kinga lilipopata nguvu. Lakini kinachonigusa mimi, mtu wa mlimani, ni utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 kuhusu jamii mbili za wakulima zenye asili zinazokaribiana, Amish na Hutterites. Amish wanafuga kwa njia ya zamani, banda liko jirani na nyumba, watoto wanaingia humo tangu wachanga. Hutterites wanalima kwa mashine, mbali na makazi. Pumu kwa watoto wa Amish ilikuwa kama asilimia 5, kwa wale wengine asilimia 21. Vumbi la nyumba za Amish lilikuwa na mabaki ya bakteria karibu mara saba zaidi. Nani aliyekulia kihambani asiyeitambua picha hiyo, ng'ombe hatua kumi kutoka jikoni?

Tena kinga ya mtoto haianzii kwenye udongo. Inaanzia kwa mama. Maziwa ya kwanza, yale ya njano ambayo wengine bado wanayakamua na kuyamwaga, yamejaa askari wa kulinda utumbo. Na ndani ya maziwa ya mama kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria wema wanaoufundisha mwili wake upi ni adui na upi si adui. Kwa hiyo dada, ngozi yako na titi lako ndiyo shule ya kwanza. Usizisugue kwa dawa.

Sasa kwa kaka aliyeandika, "Sisi tulikula udongo na tuko hai." Wewe uko hai, kaka. Bibi yangu alizaa tisa akalea sita, na hao watatu wamelala pale pale kihambani chini ya migomba. Hawawezi kuja hapa kuchangia. Kinyesi, cha mtu au cha kuku anayelala ndani, hakimjengi mtoto. Akimeza kidogo kidogo kila siku, utumbo unavimba bila hata kuharisha, chakula hakifyonzwi vizuri, anadumaa. Chanjo za matone pia hufanya kazi hafifu zaidi katika mazingira ya namna hiyo. Na kitovu kilichopakwa majivu au samadi ni mlango wa pepopunda. Hapo sina mjadala na mtu, awe bibi au mganga.

Ajabu ni kwamba michango yote imebishania vijidudu, hakuna aliyegusa moshi wa kuni. Jiko lenye mafiga, mlango umefungwa kwa baridi, mama mzazi amekaa na mtoto anasubiri mtori, ile supu ya ndizi na nyama: nimonia inaingia hapo.

Dada, ungekuwa mdogo wangu ningekuambia hivi. Subiri kitovu kianguke na kikauke vizuri, kisha nenda Marangu. Maji na sabuni kwa kila anayembeba, hasa aliyetoka chooni au bandani. Deki kwa maji na sabuni ya kawaida inatosha. Mtu mwenye mafua akae mbali. Mtoto anyonye tu, miezi 6, hata mbege, pombe ya ndizi, ya kuonjeshwa kwa ncha ya kidole hapana. Kuku watolewe chumbani. Halafu mpe bibi mjukuu wake, akae naye pale nje karibu na ng'ombe, juani, kadiri apendavyo.