Ufa wa ukuta wa nyumba ya Bibi, Mkomani

Mama Mkubwa (Lamu), Jumamosi, saa 2:10 asubuhi
As-salaam alaykum wanangu. Ule ufa wa chumba cha juu, niliowaeleza kabla ya Ramadhani, sasa unaingia ncha ya kidole cha mwisho. Nimeweka picha tatu hapo juu. Humo ndimo wanamolala wajukuu, nami usingizi umenipaa.

Kaka (Mombasa), saa 2:31
Wa alaykum salaam, Mama Mkubwa, shikamoo. Pole sana. Leo hii nitatuma fedha za mifuko miwili ya saruji, fundi auzibe na kupiga lipu upya, ili wageni wa Maulidi watakapofika Mfungo Sita waikute nyumba imetengenea.

Dada (Malindi), saa 2:40
Shikamoo Mama Mkubwa. Kaka, naomba tusinunue chochote kwanza. Mjomba amekuwa mwashi tangu sisi hatujazaliwa, naye yuko mtaa wa pili tu. Mjomba, tafadhali upite uutazame.

Mjomba (Lamu), saa 10:55 jioni
Marahaba wanangu. Nimetoka huko sasa hivi, nami nawaandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili si la kuzibwa kwa haraka.

Ufa unaanzia pembe ya juu ya dirisha na kupanda kwa mshazari mpaka kona ya nyumba. Juu nimepima milimita 8, na chini, karibu na dirisha, milimita 2. Ufa uliopanuka juu na kubana chini huonyesha kwamba kona inainama kuelekea nje, nami nilipoteremsha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kutoka darini nikaona kona imekwisha kuinama upana wa kidole. Kingo zake ni nyeupe na kali, hazina vumbi wala utando wa buibui, kwa hiyo ni ufa mchanga. Zile nyufa nyembamba kama unywele zilizo kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambazo Mama Mkubwa pia amezipiga picha, ni za lipu tu. Nimezijua tangu Bibi yu hai na hazinitii wasiwasi.

Nikashuka chini kutafuta maji, kwani mara nyingi ndiyo yanayoanza. Mchirizi wa paa umevunjika juu ya kona ile ile, na maji ya masika yote yamekuwa yakimwagika penye msingi, mpaka udongo wa hapo unadidimia ukikanyagwa. Tena juu ya kona hiyo hiyo tuliweka tangi la lita 2,000. Likijaa ni tani 2, zimekalia boriti zilizowekwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria mzigo wa namna hiyo. Mimi nilikuwapo siku lilipopandishwa na sikusema neno. Jambo hilo linaniuma.

Kuhusu saruji, mwanangu, nakusihi tusiitie. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, nao hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na huuzuia unyevu, ambao hutafuta njia kupitia jiwe ukibeba chumvi, na chumvi ikiganda humenya uso wa jiwe mpaka likawa unga. Isitoshe, kona ikiendelea kuinama, ufa utafunguka tena kando ya kiraka. Tena mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa nje nitakwenda kuzungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa, wanaosimamia majengo ya kale.

Nimekwangua lipu mahali pawili, juu na chini, nikapitisha kipande chembamba cha jasi juu ya ufa na kuandika tarehe. Jasi haivutiki; ukuta ukisogea, itapasuka. Watoto wahame leo, na tangi limwagwe.

Kaka, saa 11:20
Nimekuelewa, Mjomba. Fedha za saruji ziwe za mchirizi na chokaa, nami nitaongeza za kuchimba tuutazame msingi.

Mama Mkubwa, saa 1:05 usiku
Wajukuu wamehamia chumba changu. Tangi tupu.

Mama Mkubwa, Alhamisi, saa 12:40 asubuhi
Mvua imenyesha usiku kucha, na fundi wa mchirizi alikuwa aje leo. Nimepanda na tochi baada ya sala: jasi ya chini ni nzima, lakini ya juu imepasuka katikati.

Mjomba, saa 12:52
Asiingie mtu chumba hicho, wala asipite mtu chini ya kona ile, hata upande wa kichochoroni. Nakuja sasa na vijana wawili na magogo ya mikoko tuuegemeze ukuta kabla ya mvua nyingine.

Dada, saa 12:55
Nami napanda basi la kwanza.