Unga usiokobolewa: mahindi ya kisiagi, au wimbi na mtama?

Mama Kondele: Hamjambo wote. Miaka yote nyumbani kwangu tumekula ugali wa unga mweupe wa paketi, na sasa nimeazimia nafaka isiyokobolewa iwe chakula chetu cha kila siku. Mwisho wa mwezi huu nitanunua ama gunia la mahindi nisage kwenye kisiagi pamoja na pumba zake, ama wimbi na mtama kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu. Nichukue lipi?

Mwalimu wa Njoro: Dada, hujasema mko wangapi, watoto ni wa umri gani, wala kilichokusukuma ni nini. Gunia la kilo 90 kwa watu watatu litakukalia muda mrefu. Tena usilisage lote kwa mpigo, kwa sababu kiini cha punje kina mafuta, na unga uliosagwa pamoja na kiini huchacha mapema kuliko ule mweupe. Mimi husaga gorogoro tatu tatu tu, yale makopo ya kupimia ya kilo mbili hivi.

Binti wa Siaya: Mahindi ya nini, na mtama upo? Ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo mkavu, ukiula kwa omena, hukushikilia hadi jioni.

Mwalimu wa Njoro: Muhogo si nafaka, binti yangu. Ukichanganya nusu kwa nusu, umemwondolea nusu ya kile anachokitafuta.

Binti wa Siaya: Mwalimu, bila muhogo ugali wa mtama humeguka mwikoni. Robo yatosha, wala sitauacha.

Mkulima wa Bungoma: Kabla ya kubishana kuhusu muhogo, tumwambie mama aangalie punje zenyewe. Mwaka juzi nilinunua gunia mbili kwa mfanyabiashara mmoja wakati wa mvua, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Juu mahindi yalikuwa meupe na safi, lakini tulipofika katikati ya gunia mkono ulihisi joto, na punje nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani penye kiini. Tulikuwa tumeshasaga debe moja na kula siku nne, ugali una uchungu unaobaki kooni, nasi tukidhani ndiyo ladha ya pumba. Nililifukia gunia zima, na fedha zikaenda. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 upande wa Makueni na Kitui. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye pumba na kiini, kwa hiyo anayekula bila kukoboa ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi kuhusu mahindi yaliyokauka. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise: chumvi ikigandamana na kioo, yaache.

Muuguzi mstaafu, Kakamega: Ahsante, mkulima. Naongeza kwamba tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa paketi utiwe vitamini na madini ya chuma, na unga wa kisiagi hauna nyongeza hizo. Ndiyo sababu napendelea wimbi, ambalo gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu. Lichachushe uji wake usiku kucha, mwili uyapate madini hayo kwa urahisi zaidi.

Mama Kondele: Niwieni radhi. Tuko sita, mdogo ana miaka mitatu, na mama mkwe ana kisukari. Jumapili nilijaribu mtama mtupu. Mzee alikula akamaliza, lakini watoto waliutazama ule weusi wakaomba chai.

Muuguzi mstaafu, Kakamega: Kisukari ungelitaja mwanzo, mama! Hata ugali wa mtama hupandisha sukari, kwa hiyo mpunguzie kipande na umjazie sahani mboga. Kwa watoto, anza na kikombe kimoja cha wimbi kwa vitatu vya unga waliouzoea.

Binti wa Siaya: Na nyoyo je? Mahindi na maharagwe, hakuna kusaga wala kukoboa.

Mwalimu wa Njoro: Hapo tumekubaliana, ila mtoto wa miaka mitatu apondewe.

Mama Kondele: Gunia nimeliahirisha. Jumamosi ninaenda Kibuye na chupa yangu na chumvi, ninunue gorogoro mbili za mahindi na moja ya wimbi. Kuna anayejua kisiagi karibu na Kondele ambacho hufagiliwa kabla ya kusaga wimbi?