Tupeane uzoefu: soksi za gripu zimekusaidia nini uwanjani?

Wakuu, habari za jioni. Naomba wote waliowahi kuvaa soksi za gripu, zile zenye vidoti vya raba chini ya unyayo, tuelezane ukweli wake.

Naanza mwenyewe. Nacheza beki wa kulia, na mechi zetu nyingi tunazipata Nyamagana hapa Mwanza, kwenye nyasi bandia. Mnaoujua uwanja ule saa tisa alasiri mnajua joto lake, linapanda kupitia soli mpaka unahisi unyayo unaiva. Msimu mzima nilitoka na malengelenge mawili, moja chini ya kidole gumba, jingine kisiginoni. Nikadhani njumu ni mbovu, nikabadilisha pea mbili, tatizo likabaki palepale.

Siku moja mazoezini mwenzangu akaniazima soksi zake. Nilichokiona kwanza ni breki, malengelenge nilikuja kuyafikiria baadaye. Winga akikukatia ndani inabidi ugeuke naye papo hapo. Zamani kiatu kilishika nyasi lakini mguu wangu uliendelea kuteleza humo ndani, na mpaka utulie, jamaa keshapita. Siku ile mguu na kiatu vilisimama pamoja. Kwa beki hiyo ndiyo tofauti ya kuzuia krosi na kuitazama ikipigwa.

Malengelenge yalipungua, ila hayajaisha. Hapo ndipo ninapotaka msaada wenu. Karibuni.

Golikipa wa Temeke:
Mkuu, sisi wa zamani tulipaka mafuta ya mgando kisiginoni na katikati ya vidole, tukavaa soksi pea mbili. Mafuta yanasaidia dakika ishirini, halafu jasho na vumbi la mchangani vinageuka matope. Pea mbili nazo zinateleza moja juu ya nyingine.

Nikanunua za gripu za bei ya chini. Vidoti vilikuwa nje tu. Soksi ilishika kiatu vizuri kabisa, lakini mguu wangu ukawa unateleza ndani ya soksi! Pea ya pili ilikuwa na vidoti nje na ndani, na hapo ndipo nilipozielewa. Nikiruka kwenda kona ya mbali, mguu wa kusukumia hauhami. Kabla hujalipa, geuza soksi ndani nje uipapase. Na ukifua usitumie maji ya moto wala usizianike kwenye jua kali, vidoti vitabanduka. Zangu za kwanza ziliishia hivyo.

Senta wa Pete:
Jamani msitusahau wa mpira wa pete. Sisi tunachezea sakafu ya saruji. Ukidaka mpira ukatua, mguu uliotua kwanza ukiunyanyua huruhusiwi kuurudisha chini kabla hujaachia mpira. Kwa hiyo unatua na kusimama papo hapo huku mwili mzima bado unataka kwenda. Mguu ukiteleza ndani ya raba, unayumba, unaongeza hatua, na mwamuzi anapuliza. Tangu nianze kuvaa za gripu natua kwa kujiamini. Kucha za vidole gumba zilizokuwa nyeusi kila mwezi zimeota upya, safi.

Mkimbiaji wa Iten:
Mimi nitatofautiana nanyi kidogo. Sisi wa mbio ndefu tunakwenda mbele tu, hakuna kugeuka kwa ghafla. Nilizivaa wiki tatu. Kwenye mteremko wa kushuka bonde la Kerio zilinifaa sana, vidole havikugonga mbele ya kiatu. Lakini kwenye mbio ndefu za tambarare niliziona nzito na zenye joto, nikarudi kwenye soksi zangu nyembamba. Anayekimbia asijihesabu amekosa kitu. Afunge kamba mpaka tundu la mwisho juu, kisigino kitatulia.

Mpuliza Filimbi:
Naongeza la upande wetu waamuzi. Vijana wanakata soksi za timu kifundoni, wanavaa za gripu nyeupe chini, kisha wanazungushia plasta. Sheria namba 4 inataka plasta au kitu chochote kinachobandikwa au kuvaliwa juu ya soksi kiwe na rangi ya sehemu ya soksi inayofunikwa. Juzi nilimtoa mchezaji mzuri nje akarekebishe, timu yake ikacheza pungufu akiwa huko. Roho iliniuma. Nunueni za rangi ya timu mapema.

Fizio:
Mleta mada, nijibu swali lako. Lengelenge si ngozi kukwanguliwa juu juu. Mfupa unasogea, lakini ngozi ya nje imeshikwa na soksi, na soksi imeshikwa na kiatu. Tabaka za ngozi zinavutana, zinaachana, maji yanajaa katikati. Soksi ya gripu inazuia mguu kuteleza, lakini haizuii mfupa kusogea juu ya ngozi iliyoshikwa. Chini ya kidole gumba ndipo unaposukumia mwili wote, kwa hiyo hapo weka plasta laini kabla ya mechi, mguu ukiwa mkavu. La kisiginoni nashuku ni saizi ya kiatu. Kisigino kikipanda na kushuka, hakuna soksi itakayokuokoa. Na likitokea, usichune ile ngozi ya juu, ndiyo bandeji yako.

Mleta mada:
Fizio, Mungu akubariki. Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilipima mguu jioni baada ya mazoezi, nikiwa nimevaa soksi zenyewe. Ni 42, na miaka yote nimekuwa nikinunua 43 nikiogopa kubanwa. Nimepata njumu za 42, nimecheza mechi tatu. Kisigino kimepona kabisa. La kidole gumba lilitokea mara moja tu, siku niliyosahau plasta.

Golikipa, zangu nazo nimezigeuza nikazipapasa, ndani hazina kitu. Mwenye kujua duka la hapa Mwanza lenye za pande zote mbili anielekeze, Jumamosi tuna mechi.