Benki ya nje inataka cheti cha notari, nitume kipi?

Karani_Mpole:
Wakuu, naombeni msaada. Mimi ni karani wa notari, yule anayethibitisha saini na hati za watu. Bosi alisaini na kugonga muhuri hati ya uwakilishi ya mteja, sasa benki ya nchi nyingine inataka "cheti" kuthibitisha kuwa ni notari kweli. Bosi yuko safarini. Kwenye kompyuta yake kuna mafaili mawili: moja linaishia .cer, jingine .p12. Hilo la pili linadai nywila, nayo ninayo, imeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Na ukutani kuna cheti cha uteuzi chenye fremu. Nikipige picha?

Wino_Mkavu:
Hiyo .p12 usiiguse! Mna ufunguo wa siri humo, ule wa kusainia kwa kompyuta. Ukiituma na nywila yake, umempa mtu mkono wa bosi asainie atakacho. Nayajua kwa sababu niliyafanya nikiwa mgeni kazini: faili na nywila kwenye barua pepe moja, nikajiona mchapakazi. Cheti kilibatilishwa siku ile ile, na sikuongeleshwa hadi jioni. Hiyo .cer ina jina, aliyeitoa, tarehe ya kuisha na ufunguo wa umma (wa kuhakiki saini hiyo) tu, haina siri. Ila hebu kwanza, hati yenyewe ilisainiwa kwa kompyuta au kwa kalamu?

Karani_Mpole:
Kalamu. Muhuri wa wino.

Wino_Mkavu:
Basi mafaili yote mawili hayahusiki! Wanachouliza ni kama saini ile ni ya notari aliye kazini. Wape jina lake kama lilivyo kwenye rejista, namba ya uteuzi na tarehe ya kuisha, wakaangalie wenyewe kwa msajili. Picha ya ukutani mimi siitumi. Saini na muhuri vinavyosomeka vizuri ni chakula cha mghushi. Wakikazania, andika kwa mshazari katikati ya picha jina la benki na tarehe.

Mama_Hati:
Naongezea. Karatasi ikivuka mpaka kwa kawaida hutakiwa apostili, yaani cheti cha mamlaka ya nchi ilikotoka hati, cha Mkataba wa Hague wa 1961. Inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, siyo yaliyoandikwa ndani. Ina namba, na benki inaweza kuihakiki kwa mamlaka iliyoitoa. Kama nchi mojawapo haimo kwenye mkataba, kwa kawaida ni wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi.

Karani_Mpole:
Nimewauliza. Ni apostili kweli. Kikaratasi nimekichana, bosi nitamweleza akirudi.

Wino_Mkavu:
Mpigie leo. Nywila ibadilishwe.