Tupeane uzoefu: baridi imeisha, bustani zenu huko ughaibuni zimefikia wapi?

mama_bustani (Leeds): Wapendwa, leo asubuhi nimetoka nyuma nikakuta tulipu nyekundu zimefunguka, na sukuma wiki iliyopigwa baridi tangu Desemba inatoa majani mapya. Machozi yalinilenga. Kwenu vipi? Nani baridi ilimtenda?

mkulima_dirishani (Minneapolis): Ilinitenda mimi. Mwaka jana mwishoni mwa Aprili jua liliwaka siku nne mfululizo, watu na kaptura. Nikatoa nje miche yote niliyoilea dirishani tangu Machi: nyanya 18, mchicha, na pilipili mbuzi za mbegu alizonikaushia mama kabla hajafariki. Usiku wa tatu jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu, ikashuka. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Nyanya nilinunua nyingine. Zile mbegu sikuwa nimebakiza hata moja. Sukuma wiki pembeni wala haikutikisika.

binti_pwani: Pole sana dada. Ya mbegu za mama imeniuma.

Kapera_Munich: Wazee wa huku hawatoi nyanya nje mpaka zipite siku za "watakatifu wa barafu", 11 hadi 15 Mei.

Shomari_E17: Mei ni mbali mno! Mimi London natoa katikati ya Aprili, usiku nafunika kwa shuka kuukuu.

Kapera_Munich: London si Minneapolis. Utawaulia watu miche.

Shomari_E17: Nimesema NAFUNIKA. Soma kwanza, kaka.

wifi_wa_Tanga (Bristol): Acheni jalidi niwaambie. Mama mkwe alitutembelea mwezi wa tatu. Kwenye ua kuna dafodili, maua bado, majani tu mabichi yamesimama. Akadhani ni majani ya vitunguu. Akakata fungu zima, akakaangia mayai. Hatujamaliza kula, mume wangu akakimbilia chooni, mama naye akafuata, mimi natapika kwenye sinki huku napiga 111, simu ya ushauri wa afya ya huku.

binti_pwani: Ya Rabi! Mama alipona?

mama_bustani: Na watoto je??

wifi_wa_Tanga: Walikuwa shule, alhamdulillah. Tulipelekwa hospitali, kesho yake tukarudi wazima. Ndipo nikajua dafodili ina sumu, hasa kile kitunguu chake cha ardhini. Mwaka 2015 idara ya afya ya England iliomba hata maduka yasiiweke karibu na mboga.

Shomari_E17: Ng'oa zote leo leo.

mama_bustani: Asing'oe! Sungura wanafyeka tulipu, dafodili hawazigusi. Azihamishie mbele, mbali na mboga.

Kapera_Munich: Au mama mkwe apewe ziara ya bustani kabla ya kupewa kisu.

jirani_StPaul: Dada wa Minneapolis, kwangu dirishani kuna miche mitatu ya pilipili mbuzi. Najua si ya mama, lakini miwili ni yako. Nitumie ujumbe, na usiitoe nje kabla ya katikati ya Mei.

mkulima_dirishani: Nakuja Jumamosi.