Filamu ya Krismasi ya mwanaanga: niionyeshe kibandani tarehe 25 au niachane nayo?

Mzee wa Projekta (Ujiji)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza hapa Ujiji na nataka ushauri wa watu wanaoangalia filamu kweli, siyo wale wa "weka tu mkuu, watakuja".

Shida yangu ni tarehe 25. Waingereza hawachezi ligi siku ya Krismasi, mpira wao unarudi 26. Kwa hiyo siku ambayo watu wana hela mfukoni, wameshiba pilau na wanatafuta pa kwenda, mimi sina mechi. Miaka yote najazia kwa ngumi na bunduki. Safari hii kijana anayeniletea flashi kaniwekea kitu kingine. Faili limeandikwa "mapenzi 3", mwanzo wake umekatwa, jina halisi silijui. DJ katafsiri juu yake. Ni ya mapenzi, ya Krismasi na ya angani, vyote humo humo.

Kisa chenyewe: dada mmoja mhandisi yuko kwenye kituo cha anga, alitakiwa ashuke kabla ya sikukuu, chombo cha kumrudisha kikapata hitilafu. Huku chini kuna fundi seremala, mjane, na binti yake mdogo. Yule binti anachezea simu ya upepo iliyoachwa na marehemu babu yake, mara sauti ya dada inaingia. Baba anaitwa, baba anaongea, na hapo ndipo yanapoanzia. Wanaongea usiku kucha, siku baada ya siku, mpaka mkesha wa Krismasi. Mwisho siusemi, ila mnaujua.

Jumamosi niliijaribu mchana, bure, kwa akina mama na watoto. Vijana wachache wakajipenyeza. Dada alipotengeneza mti wa Krismasi kwa makopo ya chakula, kibanda kizima kilicheka. Alipolala amefungwa ukutani kama mzigo wa mkaa kwenye baiskeli, vijana wakapiga miluzi. Lakini alipolia, chozi likadondoka kwenye glavu, pakawa kimya, na sehemu hiyo hiyo nikamwona mama mmoja wa mbele anajifuta kwa kanga. Halafu mvua ikapiga bati, sauti ikapotea kabisa, na hakuna aliyenyanyuka. Mimi nikiona watu wameganda wanaangalia midomo inayocheza bila sauti, najua pana biashara.

Vijana wao wamelalamika. Mmoja kasema, "Steringi gani hapigi mtu?" Tena kila baada ya muda picha inakuwa nyeusi kidogo, wanadhani nimewawekea faili bovu.

Sasa niionyeshe tarehe 25 kwa kiingilio, au niachane nayo? Na habari za dini msinianzishie. Hapa kwetu Waislamu tupo wengi, pilau la Krismasi tunalila kwa jirani na la Idi jirani analila kwetu.

---

Mwalimu wa Fizikia (Tabora)

Shikamoo mzee. Nimecheka peke yangu hapa, maana kibanda chako kimecheka penye ukweli kikalia penye uongo.

Mti wa makopo ni kweli kabisa. Mwaka 1973 wanaanga watatu wa Marekani waliokuwa kwenye kituo cha Skylab walijitengenezea mti wa Krismasi kwa makopo ya chakula. Kulala umefungwa ukutani nako ni kweli. Kule hakuna juu wala chini, usipojifunga utaelea usingizini mpaka ugonge kitu.

Chozi ndilo la kutunga. Kituoni halina pa kudondokea. Linabaki pale pale jichoni, linakusanyika, linakuwa tone la duara lililong'ang'ania ngozi mpaka ulifute. Mkanada Chris Hadfield alilionyesha hilo mwaka 2013 akiwa huko huko juu, alijitilia maji jichoni yakagoma kushuka. Wala asije mtu akasema eti kule hakuna uvutano. Kituo kipo kama kilomita 400 juu, na kwenye urefu huo uvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushikilia sisi. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote, ila wanakwenda kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila wakianguka dunia inakuwa imeshajikunja chini yao.

Hilo la chozi nalisamehe. Nisilolisamehe ni kuongea usiku kucha. Hiyo simu ya upepo ipo kweli. Wanaanga wana redio ya namna hiyo kituoni, na wanafunzi wa shule nyingi duniani wamewahi kuzungumza nao. Lakini mawimbi yale yanakwenda mstari ulionyooka, lazima kituo kiwe juu ya upeo wako. Nacho kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Kinachomoza huku, kinazama kule, na ukibahatika kikapita juu kabisa ya kichwa chako una kama dakika kumi. Kisha kimya. Mzunguko unaofuata ni saa moja na nusu baadaye, nao huenda ukapita mbali nawe. Baada ya mizunguko michache hukipati tena kwa saa nyingi.

Mwandishi alikuwa na dakika kumi mkononi akazitupa! Mwanamume ana dakika kumi, binti yake naye anaivuta redio, sauti inaanza kukwaruza na lile alilokusudia kusema bado halijatoka. Mapenzi yangekuwa na adui, na hao vijana wako wangekaa.

---

Dereva wa Kasulu

Weka ngumi mzee. Krismasi watu hawataki kulia.

---

Fundi Ving'amuzi (Gungu)

Ile picha kuwa nyeusi siyo ubovu wa faili, wala usimlaumu kijana wa flashi. Filamu hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya sinema, ni za televisheni, na pale penye giza ndipo yalipokaa matangazo. Ndiyo maana kabla ya kila giza lazima kitokee kitu: simu inaita, mlango unagongwa, taa nyekundu inawaka. Wanakushika shati usibadilishe chaneli. Ukiiangalia bila matangazo inaonekana kama ina kwikwi.

Wamarekani wanazo nyingi mno. Chaneli ya Hallmark tangu 2009 ina msimu wake maalumu wa filamu za Krismasi, kila mwaka wanatoa mpya, na mpango ni ule ule: mji mdogo, mtu aliyefiwa au aliyeachwa, mgeni, theluji, busu dakika za mwisho. Nyingi zinapigwa Kanada, na mara nyingi wanazipiga wakati wa joto ili ziwahi Desemba. Theluji ni ya kutengeneza. Ukimtazama vizuri yule mwenye koti zito na skafu, hamtoki mvuke mdomoni, na kuna pahali paji la uso linang'aa kwa jasho.

Hii ya angani wamebadilisha mahali tu. Kituo cha anga ndicho mji mdogo, na hitilafu ya chombo ndiyo theluji iliyofunga barabara. Mimi hainisumbui, anayeikodi anajua anakodi nini.

---

Bi Migebuka (Mwanga)

Mzee wa Projekta, mimi nilikuwepo. Benchi la pili, mwenye mtoto aliyekumwagia karanga. Huyo mama aliyejifuta kwa kanga ni wifi yangu, na naomba nirekebishe taarifa maana hamkumuuliza. Hakulia kwa ajili ya chozi la kwenye glavu. Alilia kidogo kabla ya hapo, binti alipozima ile redio, akaifunika kitambaa, akakipiga-piga kingo kiingie vizuri. Chozi la dada lilimkuta ameshaanza. Na mimi vile vile.

Fizikia sina, mwalimu anisamehe. Nina mume kwenye boti za mizigo za kwenda Kalemie. Dakika kumi zako nazijua. Wakishatoka Kibirizi mtandao unafuata kidogo tu, katikati ya ziwa hakuna kitu, na akipata ng'ambo chaji imebaki kapicha kamoja. Sasa mnadhani tunaambiana nini? Umeweka luku? Mtoto kikohozi kimeisha? Lile dumu la mawese kachukua nani, na hela katoa? Simu inakata. Nakaa nayo mkononi, najua ameshafika, naendelea kuosha vyombo.

Yule dada wa angani kila akishika redio anasifia dunia ilivyo ya buluu. Usiku mzima, nyota na buluu! Hakuuliza hata siku moja kama binti amekula. Fundi naye hakuuliza, "Huko mnaoga?" Mimi hilo lingekuwa swali langu la kwanza. Hapo nikajua aliyeandika hajawahi kumsubiri mtu, au amesubiri akiwa na mfanyakazi wa ndani.

Binti ndiye aliyeandikwa na mtu anayejua. Haongei sana, anafunika redio, anaweka kiti pale pale kila siku. Ukiionyesha mimi nitakuja tena kwa ajili yake, na nitalipa. Hao wengine wawili waoane tu tumalize.

---

Mwalimu wa Fizikia (Tabora)

Bi Migebuka, nimesamehe na nimejifunza. Hawaogi, wanajifuta kwa taulo lenye maji na sabuni kidogo, na nywele wanaosha kwa shampuu isiyohitaji kusuuzwa. Kwa hiyo fundi angepata jibu refu na mazungumzo yangenoga.

Nyongeza kwa Dereva: siyo lazima Krismasi ya angani iwe ya kulia. Desemba 1965, Walter Schirra na Thomas Stafford wakiwa ndani ya Gemini 6 waliripoti chini kwamba wanaona kitu kinatoka kaskazini kwenda kusini. Waliokuwa chini wakatega masikio. Mara wakasikia kinanda cha mdomo na vikengele vinapiga wimbo wa Krismasi. Walivificha ndani ya chombo. Miaka mitatu baadaye, mkesha wa Krismasi 1968, wale wa Apollo 8 wakiuzunguka mwezi walisoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, na dunia ikasikiliza. Mzee anaweza kuyasimulia hayo wakati umeme umekatika.

Halafu mkesha wenyewe wameukosea. Kituoni wanatumia saa za Greenwich. Kigoma ikigonga saa sita usiku na kengele zikalia, kule juu ndiyo kwanza saa tatu usiku. Kwenye filamu dada na fundi wanahesabu sekunde pamoja kuingia Krismasi, na fundi yuko Marekani, ambako wako nyuma zaidi. Mmoja wao alikuwa anadanganya.

---

Mzee wa Projekta (Ujiji)

Marahaba mwalimu, na ahsanteni wote. Bi Migebuka, karanga nimesamehe, benchi limefagiliwa.

Nimeirudia jana peke yangu kwa sababu ya maneno yako, hasa zile sehemu za binti. Ni fupi sana, na balaa ni kwamba pale anapofunika redio DJ anapiga kelele, "Oyaaa, mtoto kajifunza ukubwa huyo!" Kumbe siku ile mlikuwa mnalia huku DJ anawapigia kelele. Sehemu hizo nitashusha sauti kwa mkono mwenyewe, hakuna mazungumzo ya kukosa pale.

Uamuzi wangu: tarehe 25 saa kumi jioni ni filamu ya mwanaanga. Akina mama, watoto, na mwanamume yeyote anayeweza kukaa bila kupiga mluzi. Kabla ya kuanza nitawaambia watu kwamba mti wa makopo ni kitu cha kweli, nione kama watacheka tena. Habari ya dakika kumi siwaambii. Wakishajua hilo hawatavumilia yale maongezi ya usiku kucha, na mimi filamu siwezi kuikata, programu ya kukatia iko kwa kijana na kijana ana bei zake. Za giza nitasema tu ni matangazo ya Wamarekani, tunawaruka.

Kiingilio 500, mtoto wa mgongoni hatozwi. Dereva, wewe njoo saa mbili usiku, bunduki zako utazikuta.