Picha ya goti haina kitu, mbona wanataka kumpasua mwanangu?

BodaMpakani (Busia, Uganda)

Habari zenu ndugu. Naandika nikiwa sakafuni, kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto, hapa wodini Mbale. Karatasi ya kukubali upasuaji ninayo mkononi tangu saa kumi jioni na sijaweka sahihi.

Mwanangu ana miaka 7. Wiki mbili zilizopita alitokwa na jipu pajani, shangazi yake akalikamua kwa vidole, likakauka. Jumamosi akacheza mpira, jioni akasema goti la kushoto linamuuma. Tukajua ameteguka. Mama mkwe akamchua kwa maji moto na samli. Jumapili usiku mwili unachemka, goti limevimba, hataki hata shuka limguse. Analala amelikunja nusu, ukijaribu kulinyoosha analia mpaka majirani wanagonga ukuta.

Jumatatu nikampeleka kliniki moja mjini, jina naliacha. Walipima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya malaria vilevile, pamoja na sindano ya dikilofena na amoksilini ya kumeza. Ile sindano ilimtuliza kweli, akala hata chapati. Nami nikarudi stegi kutafuta hela. Jumatano alfajiri goti limekuwa kama embe dodo. Mama yake akamshika mapajani, tukapanda taksi ya kwanza kuja huku.

Hapa wamempiga picha. Daktari mwenyewe kasema mifupa iko sawa. Kisha wakamchoma sindano gotini wakavuta maji, nimeyaona kwa macho yangu, rangi kama chai ya maziwa iliyolala. Sasa wanasema ni vidudu ndani ya kiungo, aingie tieta, chumba cha upasuaji, usiku huu, wafungue waoshe.

Kaka yangu kapiga simu kutoka Iganga. Anasema goti likishafunguliwa halikunji tena, kwao kuna fundi cherehani mguu wake umenyooka kama mwiko. Kama picha haina kitu, wanafungua kutafuta nini? Dawa za mshipa haziwezi kutosha?

MzeeWaMizizi

Pole baba. Usikimbilie kisu. Waambie wampe sindano siku tatu kwanza, uone. Watoto wetu walikuwa wanavimba magoti na hakuna aliyepasuliwa.

DadaTieta (Jinja)

Baba, weka sahihi kwanza, halafu urudi kusoma.

Mimi ni muuguzi mstaafu, miaka 22 nimekaa chumba cha upasuaji, na magoti kama la mwanao nimeyashikia taa mengi. Nianze na hayo maji uliyoyaona. Ndani ya goti zima kuna ute kidogo sana, unang'aa kama ute wa yai. Ukiuvuta kwenye bomba la sindano na kuweka gazeti nyuma yake, unasoma maandishi. Ya mwanao yangekuficha hata kichwa cha habari. Hiyo peke yake ilimtosha daktari kuita tieta, hata kabla maabara hawajahesabu chembe nyeupe. Kwenye ute wa kawaida hazifiki 200 katika tone dogo la ujazo wa milimita moja, kwenye usaha wa namna hii mara nyingi zinapita 50,000.

Sasa picha. Eksirei inaonyesha mfupa. Usaha haiuoni. Mfupa wenyewe huchukua kama siku 10 hadi 14 ndipo uanze kuonekana umeliwa kwenye picha. Kwa hiyo ukisubiri mpaka picha "iwe na kitu", kitu utakachokiona ni uharibifu. Wamepiga ili wajue hakuna kilichovunjika na wawe na ya kulinganisha baadaye.

Umewahi kutafuna ile nyeupe laini mwisho wa paja la kuku? Hiyo ni gegedu, na mwanao anayo ndani ya goti. Haina mishipa ya damu na ikiliwa hairudi kama ilivyokuwa. Usaha una vimeng'enya vinavyoimumunya, na ni kazi ya siku, si ya miezi. Mwanao ana siku ya tano leo tangu Jumamosi.

Dawa ya mshipa inafika kwenye kiungo, ndiyo, wala hawataiacha. Ila kuipa peke yake goti likiwa limejaa ni kama kumwagia sabuni sufuria iliyojaa uji. Mwaga uji kwanza. Kuna magoti yanayotibiwa kwa kuvutwa kwa sindano tena na tena, kuna hospitali zinazoosha kupitia vitundu viwili vidogo kwa kamera, lakini usaha ukiwa mzito hivyo, kufungua kidogo pembeni mwa goti ndiyo njia ya uhakika. Atalazwa kwa nusukaputi, wataosha kwa maji ya chumvi chupa baada ya chupa mpaka yatoke meupe, pengine waache kimpira cha kutolea maji siku moja mbili. Akitoka atakuwa na plasta ya nusu nyuma ya mguu. Usishtuke, ni ya kumpumzisha tu.

Fundi cherehani simjui, ila muulize kaka yako: alifunguliwa siku ya ngapi? Niliowaona wameganda magoti, wengi walikuja wiki ya tatu wakiwa na chale na majani juu. Watu wanalaumu kisu kwa sababu ndicho walichokiona mwisho.

Mambo mawili uwaambie usiku huu. La kwanza, jipu. Bakteria aitwaye stafilokokasi anapenda ngozi, ukikamua jipu anaweza kuingia kwenye damu na kwenda kukaa gotini. Ndiye tunayemkuta mara nyingi zaidi kwa watoto. La pili, amoksilini. Maabara watapaka rangi na kutazama kwa hadubini leo leo, kisha waoteshe, na hiyo ni siku 2 hadi 3. Mtoto akiwa ameshameza dawa, vidudu vinaweza kukataa kuota ingawa vipo, wajue wasije wakadhani hana. Na dikilofena, usijilaumu, ilimdanganya kila mtu. Inapooza homa huku usaha unaendelea.

Mzee wa juu, heshima yako, lakini siku tatu zako hizo mtoto hana.

MamaFaraja_Arua

Sina mengi ya kuongeza kwa dada, nauliza tu: mtoto alishapimwa seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Binti yangu anayo. Alipoanza kulia nyonga tukasema ni yale maumivu yake ya siku zote, tukampa maji na dawa ya maumivu nyumbani. Nyonga haivimbi ukaona kama goti, iko ndani. Alikuwa anakataa tu kuvishwa suruali. Siku ya nane ndipo walipompima kwa ile mashine ya wajawazito wakaona maji yamejaa. Kilichoota kilikuwa salmonela, ambaye nilidhani ni wa tumbo tu. Alipona, ila mguu mmoja ni mfupi na anachechemea. Mpimeni, ni tone la damu.

Mfugaji_Kiruhura

Naingilia kidogo. Mimi ni mtu mzima, goti langu lilivimba nikaambiwa jongo, niache nyama. Niliacha nyama miezi miwili, jambo gumu kwa mtu wa ng'ombe! Jongo nalo huvimbisha na kuchoma kama usaha. Daktari wa baadaye alivuta maji akasema angekuwa na jongo angeona vijiwe vyembamba kama sindano kwenye hadubini. Hakuviona. Ilikuwa bruselosi ya maziwa mabichi. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini wiki 6, mkojo mwekundu kama mirinda. Siku hizi tunachemsha. Najua si kesi ya mtoto, yangu ilikuja polepole, ya kwake imewaka kwa siku mbili.

BodaMpakani

Niliweka sahihi saa tatu na dakika kumi usiku, kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa DadaTieta. Samahani nimekaa kimya siku sita, simu ilikuwa kwa mama yake.

Walitoa usaha, daktari alisema kama kikombe kimoja, waliosha mpaka chupa ya sita. Asubuhi homa imeshuka, akaomba mkate. Siku ya tatu majibu yakatoka: stafilokokasi, kama ulivyosema. Wamebadilisha dawa ya kwanza wakaweka kloksasilini ya mshipa kila saa sita. Ile ya saa sita usiku anaichukia, mkono umejaa alama. Seli mundu wamepima, hana. Mama Faraja, asante.

Jana wametoa plasta na binti wa mazoezi akaja. Analikunja goti kidogo kidogo huku mtoto anamtukana kwa Kisamia, bahati nzuri yule dada hakielewi. Shida yangu sasa: wanasema damu ikionyesha uvimbe umepungua tutarudi nyumbani na dawa ya kumeza mpaka zitimie wiki nne. Akiwa anacheza na kula vizuri, lazima zote nne?

DadaTieta

Zote. Goti litapendeza mapema kuliko linavyopona, na dawa ikikatizwa usaha unaweza kurudi ukajificha mfupani, hapo utahesabu wiki 6 au zaidi. Andika saa za dawa ukutani, mtu mmoja awe ndiye anayempa, siyo kila mtu nyumbani. Homa ikirudi au akianza tena kulala amelikunja, usipitie kliniki ya mjini, panda taksi moja kwa moja. Mpira asubiri mpaka waseme.

Na shangazi aache majipu ya watu.